Jenga banda linalofunguka: mwongozo wa fundi anayekula kwa kubomoa

Kazi yangu ni kununua nyumba ambazo wenyewe hawazihitaji tena. Kiwanja sinunui. Nanunua bati, kenchi, milango, grili, nondo na tofali. Napewa muda wa kuondoa kila kitu, na mwenye eneo anataka akirudi akute udongo mtupu. Dar es Salaam kazi hii haikauki. Barabara inapanuliwa, warithi wamegawana, mwenye nyumba amepata hela ya ghorofa. Ukiona X nyekundu ukutani, jua mtu wa kazi yangu ameshapita kuulizia bei.

Na bei yenyewe haitokani na uzuri wa nyumba. Naangalia vitu vingapi vitatoka vizima. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, mtaa mmoja, moja naweza kuilipia mara mbili ya nyingine kwa sababu bati zake zimefungwa kwa skrubu, fremu za milango hazikuzikwa kwenye zege, na tofali zake zimejengewa mota isiyo kali. Ile nyingine ina marumaru za gharama kila chumba, na marumaru hizo kwangu ni kifusi cha kulipia gari. Mwenye nyumba huniona mwizi. Nimechoka kuyaeleza haya nyundo zikiwa zimeshashikwa, ndiyo maana nawaandikia ambao bado hawajajenga.

Nitafuata mfano mmoja: banda la mama lishe wa Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha kukodi. Alinikuta nashusha bati kwa jirani yake.

"Fundi," akaniambia, "nijengee kitu ambacho mwenye kiwanja akinigeuka, nahama nacho."

"Mama, unataka kuhama na masufuria au kuhama na nyumba?"

"Na nyumba, baba. Masufuria nitabeba mwenyewe."

Banda kama hilo ndilo shule nzuri kuliko zote, kwa sababu siku ya kulifungua inajulikana tangu mwanzo. Nyumba ya kukaa miaka yote nayo siku yake ipo, ila mwenyewe hapendi kuifikiria.

Maswali matatu kwa kila kiungo

Kabla hujafunga kitu chochote na kingine, jiulize: atakifungua nani, kwa kifaa gani, akiwa amesimama wapi?

Mafundi wengi hufika swali la pili wakadhani wamemaliza. Wameweka bolti badala ya kuchomelea, basi. Lakini nimekuta bolti safi kabisa, zenye zinki, ambazo nati yake iko upande uliozibwa na ukuta. Bolti ya hivyo inakatwa kwa grainda, tofauti yake na kuchomelea ni gharama tu. Nimekuta nguzo ambayo ukitaka kuifungua lazima usimame mahali palipo na paa, na paa lenyewe halifunguki mpaka nguzo itoke. Chora mtu kwenye ramani yako. Mchoree mkono na spana ndani yake, uone kama spana inazunguka.

Swali la kwanza nalo si dogo. Atakayefungua huenda si wewe, huenda ni vibarua waliookotwa asubuhi hiyo kijiweni. Kiungo kinachohitaji akili yako ili kifunguke, bila wewe kitavunjwa.

Mkataba kabla ya ramani

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu jengo lililoshikizwa kwa kudumu kwenye ardhi kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu bila kuandikiana, siku ya kuondoka ugomvi utaanzia hapo hapo: banda ni lako au limeshakuwa la kiwanja? Kwa hiyo kwenye mkataba wa kukodi andikeni kwamba jengo ni mali ya mpangaji, limejengwa kwa kufungwa na kufunguliwa, na kwamba ana haki ya kuliondoa lote pamoja na misingi yake. Ambatanisha orodha ya vipande: nguzo ngapi, kenchi ngapi, bati ngapi. Andikeni pia muda wa kufungua baada ya mkataba kuisha, maana kuna wenye viwanja hubadili kufuli usiku. Mpeni mwanasheria asome, na serikali ya mtaa iwe na nakala.

Kuwa banda linafunguka hakukuondolei wajibu wa kibali cha ujenzi. Nenda halmashauri. Na kama uko kando ya barabara kuu au ya mkoa, pima: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ziko barabara zenye zaidi ya hapo. Vipimo nitakavyovitaja huku chini ni vya banda la yule mama, kwa udongo wake na upepo wake. Mhandisi ndiye aliyepitia hesabu. Lako lipelekee mhandisi wako.

Soko ndilo linalopima jengo

Mama alitaka mita 12 kwa 6. Nikamwambia tuhesabu kwa urefu wa vitu vinavyouzwa. Mbao za paini za Sao Hill tunazonunua huku huja za futi 12. Plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Bomba la chuma la mraba ni mita 6. Basi nguzo zikae kila baada ya futi 12: papi moja, ile mbao ya kushikia bati, inafika kutoka kenchi hadi kenchi bila kukatwa, na paneli tatu za futi 4 zinajaza nafasi kati ya nguzo na nguzo. Nafasi tatu za hivyo zinatoa futi 36, kama mita 11. Bomba moja la mita 6 likikatwa katikati linatoa nguzo mbili bila kubaki kipande. Mama alipoteza mita moja ya urefu, akapata banda ambalo kila mbao yake ikitoka bado ni mbao ya futi 12, ya kuuzika kwa mtu yeyote.

Hili watu hulidharau, na ndilo linaloamua thamani ya kitu cha mtumba. Mbao ya futi 9 na inchi 5, iliyokatwa kufuata chumba chako, haina mnunuzi. Itaishia kuwa kuni au vigingi. Ukubwa wa kawaida una mnunuzi kila kona.

Waingereza walishalifanya hili kwa ukubwa wa kutisha. Joseph Paxton, alipochora jumba la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851, alipanga vipimo vyote vya jumba kufuata kioo kirefu kilichokuwa kikitengenezwa kiwandani wakati huo, cha inchi 49. Vipande vilirudiwarudiwa, vikafungwa upesi. Maonyesho yalipokwisha, jumba likafunguliwa, likahamishiwa Sydenham, na mwaka 1854 likafunguliwa tena kwa wageni, kubwa kuliko mwanzo.

Msingi unaong'oka

Msingi wa kawaida wa mtaa, mtaro wa zege na mawe chini ya ukuta mzima, hautoki. Unavunjwa. Kwa banda jepesi hauna sababu.

Tulimwaga vitako vinane vya zege juu ya ardhi, kwenye fremu ya mbao, tukaviacha vikomae kwa kumwagiwa maji kama inavyotakiwa, ndipo tukavishusha shimoni. Kila kimoja kina sahani ya chini ya sentimita 60 kwa 60, unene 20, na juu yake shingo ya sentimita 25 kwa 25 inayopanda sentimita 50. Ndani kuna nondo, na juu ya shingo zimetokeza bolti nne za M16, yaani za unene wa milimita 16. Shimo ni la sentimita 60, kwa hiyo shingo inabaki juu ya ardhi kwa sentimita 10. Hizo sentimita 10 ni muhimu: kitako cha nguzo kikigusa udongo kinaoza kwa kutu kabla mkataba haujaisha.

Mbona sahani pana na si gogo moja? Kwa sababu ya upepo. Banda jepesi likiharibika, mara nyingi si kwa kuzama bali kwa kunyanyuliwa. Kusi ikivuma chini ya bati inataka kuondoka na paa. Kitako chenyewe kina uzito wa karibu kilo 250, lakini udongo unaoshindiliwa juu ya ile sahani unaongeza karibu kilo 200 nyingine, bure. Siku ya kuhama unachimbua udongo, unaondoka na zege.

Kilo 250 unazinyanyuaje? Weka kulabu mbili za nondo ya milimita 12 kwenye zege tangu mwanzo. Miti mitatu iliyofungwa kileleni na winchi ya mnyororo inatosha, au watu sita na mti wa kupitisha kwenye kulabu. Sita si namba niliyoitunga. Yale madaraja ya chuma ya Bailey, ambayo kwetu husimamishwa mafuriko yanapong'oa daraja, yalibuniwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa hesabu ya aina hiyo: paneli moja ni futi 10 kwa 5, uzito kama kilo 260, inabebwa na wanaume sita na inaungwa kwa pini. Hakuna kreni. Jengo linaloweza kufunguka kwa kreni tu, kwa mama lishe halifunguki.

Bolti za msingi zipake grisi nzito juu ya nyuzi, kisha zivishe vipande vya bomba la plastiki mpaka siku ya kufunga nguzo. Zege likikaukia kwenye nyuzi utalia.

Spana tatu, basi

Jengo zima lifunguke kwa spana chache. Letu lina namba 24 kwa bolti za M16 za msingi, namba 19 kwa M12 za fremu, na namba 17 kwa M10 za mbao. Bati zina kichwa chake cha drili cha milimita 8. Fundi akija na begi dogo amekuja na kila kitu. Kuna majengo nimefungua yenye saizi saba za bolti, kila fundi alileta alizokuwa nazo, na nusu ya muda uliishia kutafuta spana.

Fremu ya chuma si lazima iwe haina mchomeleo. Kanuni yangu ni moja: chomelea chini, funga juu. Sahani za vitako, masikio ya kushikia papi na paneli, vyote vichomelewe karakana ambako kijana anaona anachofanya na rangi inapigwa pande zote. Kiwanjani isiingie mashine ya kuchomelea kabisa. Ukiiruhusu ije "kurekebisha kidogo," jioni utakuta kijana amechomelea nati kwenye bolti ili zisilegee. Anadhani amekusaidia.

Kama wasiwasi ni kulegea, tumia nati yenye mpira ndani au nati mbili zilizokazana. Kwa pwani yetu, adui mkubwa zaidi ni chumvi. Nunua bolti zilizochovywa zinki ya moto, zile zenye rangi ya kijivu isiyong'aa. Zile zinazong'aa kama shilingi mpya zina zinki nyembamba sana na Bunju hazimalizi miaka mingi. Grisi kwenye nyuzi, kofia ya plastiki juu ya nati. Mara moja kwa mwaka pita na spana, legeza robo, kaza tena. Bolti isiyoguswa miaka kumi karibu na bahari haitakusikiliza.

Kenchi zetu ni za bomba la milimita 40 kwa 40, kila kenchi nusu mbili zinazokutana kileleni na katikati ya boriti ya chini kwa sahani na bolti. Nusu moja ina uzito wa kilo ishirini na kitu. Vijana wawili wanaipandisha kwa kamba. Hesabu hiyo hiyo nimeitumia kote: kinachokaa juu ya kichwa kisizidi nguvu za watu wawili walio juu ya ngazi.

Kwenye mbao, bolti ina adabu yake. Usiitoboe karibu na ncha: kwa M10 acha walau sentimita 8 kutoka ncha inayovutwa, la sivyo mbao inapasuka kwa urefu na kipande kizima kimekufa. Weka washa pana pande zote mbili. Misumari achana nayo kwenye kiungo chochote unachotaka kukifungua. Msumari wa inchi 4 ukiung'oa kwa mtaimbo unatoka na nyama ya mbao, na mbao yenye matundu ya misumari hata mtu wa mashine ya randa anaikataa, inavunja visu vyake.

Bati

Hapa ndipo hela ilipo, na ndipo watu wengi huipoteza. Bati la geji 28 lililotunzwa lina maisha marefu kuliko biashara nyingi. Lakini bati lililopigiliwa misumari yenye kofia linatoka limekunjika kila mahali nyundo ilipokaba.

Tumia skrubu zenye washa ya mpira. Zifunge mgongoni mwa bati, siyo bondeni. Mafundi wa chuma hupenda bondeni kwa sababu inashika vizuri, na kwa jengo lisilohama sina ugomvi nao. Kwa linalohama, tundu la bondeni ni uvujaji wa baadaye, kwa kuwa maji hupita hapo. La mgongoni maji yanaliepuka. Usikaze mpaka mpira utoke pembeni. Mpira uliopondwa umekufa siku hiyo hiyo.

Na jambo ambalo sijaona fundi akilipanga mapema: umbali wa papi. Ukiweka papi kwa umbali uleule kila jengo, mfano sentimita 90, matundu ya bati yataangukia papi tena huko linakokwenda. Bati likihamia kwenye papi za umbali mwingine, kila shiti linapata mstari mpya wa matundu na mstari wa zamani unabaki wazi unahitaji kuzibwa. Andika umbali huo kwa rangi ndani ya bati. Atakayelinunua atakushukuru, na mimi ningekuongezea bei.

Agiza bati za urefu kamili kutoka kileleni hadi ukingoni, bila maungio katikati. Kwa banda hili zilikuwa kama mita 3.7. Zinabebeka juu ya Canter bila kuning'inia sana.

Kuta, na somo la Mji Mkongwe

Mama alitaka ukuta mfupi wa tofali mbele, urefu wa kiuno, kwa ajili ya heshima. Sikumkatalia. Kilichobaki kikawa paneli: fremu ya mbao za inchi mbili kwa tatu, plaiwudi nje, grili juu, kila paneli ikifungwa kwenye masikio ya nguzo kwa bolti nne, mbili juu na mbili chini. Paneli inayooza inatolewa peke yake, na paneli ya dirisha inaweza kuhamishwa ikawa upande wa jikoni.

Kwa tofali, fikiria Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo ukuta ukianguka au ukibomolewa, jiwe linagongwa kwa tindo, linasafishwa, linajenga tena. Boriti za mikoko zimelazwa juu ya ukuta bila msumari, na ndizo zilizofanya vyumba viwe vyembamba, maana mti wa mkoko haufiki mbali. Milango nayo: ile ya kizamani inazunguka kwa vigingi vyake juu na chini, haina bawaba, na mfaa wake, ule mti wa wima, uko katikati. Imekuwa ikihama nyumba hadi nyumba vizazi na vizazi, na leo mingine iko mbali sana na Zanzibar. Watu waliojenga hivyo hawakuita chochote kwa jina la kitaalamu. Walijua tu kwamba mlango una thamani kuliko ukuta uliouzunguka.

Sisi tukaja na saruji, moja kwa tatu, mota kali kuliko tofali lenyewe. Ukigonga, tofali linapasuka na mota inabaki. Copenhagen, kwenye nyumba zinazoitwa Resource Rows zilizokamilika mwaka 2019, walikumbana na shida hii kwenye tofali za majengo ya zamani: mota ya saruji haikuachia. Wakakata kuta katika vipande vya mraba vya kama mita moja kwa mita moja, wakavipandisha vilivyo kwenye jengo jipya. Kazi nzuri. Ila Bunju msumeno wa kukata ukuta na kreni ya kuunyanyua utavipata wapi?

Njia yetu ni mota dhaifu kuliko tofali. Kwa ukuta mfupi usiobeba paa tulichanganya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Inashika vya kutosha na inagongeka. Njia nyingine ni matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliyahimiza kwa miaka mingi: yanapangwa makavu, kiinuko cha tofali moja kikiingia kwenye mfuo wa jingine, mota ikitumika mstari wa chini na mkanda wa juu. Hapo simama juu ya kichwa cha fundi wako. Akikugeuzia kisogo atamimina uji wa saruji kwenye matundu yote "liwe imara," na umerudi ulikotoka. Kama mhandisi anataka nondo na zege pembeni na kwenye milango, sawa, ziwe hapo tu.

Na lipu? Tofali lililopigwa lipu linatoka na koti la saruji ambalo kulibandua kunagharimu zaidi ya tofali jipya. Acha tofali wazi, au paka chokaa.

Sakafu, umeme, maji

Sakafu ya banda ni pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga, juu ya mchanga ulioshindiliwa, na ukingo wa zege uliofukiwa pembeni ili zisitembee. Zinang'olewa kwa bisibisi na mikono. Jikoni tu, kwa ajili ya usafi na mafuta, tuliweka jamvi dogo la zege; hilo litavunjwa, na mama anajua.

Nyaya zipite nje ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki yenye kifuniko. Waya hufa mapema kuliko ukuta, kisichodumu kisizikwe nyuma ya kinachodumu. Mabomba vivyo hivyo. Yale ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa hayafunguki, unayakata. Kwa maji ya baridi chukua mabomba meusi yenye viungo vya kukaza kwa mkono. Silikoni na gundi ziwekwe mwisho kabisa wa orodha. Dari la jipsam kwenye banda la kuhama usinitajie.

Vitu usivyovirudisha

Kwa kuwa utajenga pia kwa vya mtumba, jua viwili. Mabati ya zamani ya kijivu, mazito, yenye nyuzinyuzi yakivunjika, yanaweza kuwa ya asbesto. Usikate, usitoboe, usinunue hata ukipewa bure. Vumbi lake linaua mapafu taratibu. Na mbao nyingi zenye rangi ya kijani ya dawa zina arseniki, ambayo ni sumu. Zinafaa kwenye paa tena, lakini mabaki yake yasiingie jikoni kuwa kuni. Mama lishe huyu nilimwambia mara mbili, mbele ya wasaidizi wake.

Namba, kisha daftari

Rangi inafutika, karatasi inaliwa. Gonga namba kwenye chuma kwa mihuri ya chuma ya kugongea: N1 hadi N8 kwa nguzo, K1A na K1B kwa nusu za kenchi. Gonga mahali pamoja kwenye kila kipande, kwa mfano upande unaotazama barabara, ili namba yenyewe ikuonyeshe kipande kinageukia wapi. Kwenye mbao tumia chuma cha moto.

Daftari liwe na mchoro wa jengo lenye namba hizo, saizi ya bolti za kila kiungo, umbali wa papi, mhandisi aliyepitia, duka lilikonunuliwa bati na rangi yake. Piga picha kila hatua kabla haijafunikwa na inayofuata. Nakala moja iwe kwa mwenye banda, nyingine kwenye simu ya mtu mwingine.

Siku ya kufungua

Kata umeme kwenye mita, siyo kwenye swichi. Toa nyaya na taa, kisha paneli zote isipokuwa zile za pembe nne za banda. Hizo zinasaidia fremu isiyumbe. Bati zishuke kuanzia upande usiopigwa na upepo, asubuhi kabla haujaamka. Usimwache mtu abaki na bati moja lililolegezwa upande mmoja huku akishuka kunywa maji: legeza, shusha, ndipo uende.

Papi baada ya bati, lakini acha walau mbili kila upande wa paa zikishika kenchi mpaka kenchi inayotangulia kutoka ifungwe kamba. Kenchi zitoke kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza, kila moja ikifunguliwa kileleni baada ya kushushwa chini, siyo ikiwa juu. Kisha paneli za pembe nne, nguzo, tofali, pevingi, na vitako mwisho.

Kila kiungo kikifunguka, rudisha bolti, washa na nati yake kwenye tundu lake la kipande kimojawapo, ikaze kwa vidole. Bolti zilizomwagwa kwenye ndoo hupungua njiani kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kunieleza.

Kupakia kunafuata mpango wa kujenga: vitako na pevingi vina safari yao, kisha nguzo na kenchi sakafuni mwa gari, bati zikiwa zimesimama wima ubavuni na kufungwa na mbao pande mbili, paneli mwisho. Bila vitako na pevingi, jengo hili linaingia Fuso moja. Bati zikifika zisikae zimebebana kwenye mvua; maji yakinaswa katikati yake yanaleta kutu nyeupe inayokula zinki. Zisimamishe, zipate hewa, mpaka msingi mpya uwe tayari.